Mahari ya Jua

Budeba wa Iyunga aliwahi kuwa na ng'ombe mia na arobaini, na hakupotelewa na hata mmoja. Hilo hulisema mwenyewe, na wanaomfahamu hawabishi. Wanaongeza tu kwamba siku hizi ana ng'ombe wawili, na kwa kuwa mikono imezoea kazi, anachunga umeme.

Alizaliwa Maswa, akaletwa bonde la Usangu na baba yake akiwa bado mchunga ndama, akakulia huko, akaoa huko. Ukame na ada za watoto vilipolila kundi, alijenga nyumba ya vyumba vinne kando ya barabara kuu ya Mbeya, akawa dalali mnadani. Mengi ya mjini aliyazoea bila kelele. Alizoea baridi, alizoea majirani wanaokula ndizi kila siku ya Mungu, alizoea hata kuvaa soksi. Alichoshindwa kukisamehe ni LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Ng'ombe, alisema, ukimlisha anakupa maziwa, anakupa ndama, na hata akifa anakuachia ngozi. LUKU unailisha leo, kesho inalia tena.

Kila jioni alizunguka nyumba mikono nyuma, akihesabu. Taa ya sebule, taa ya chooni, televisheni, chaja mbili. Chaja iliyokaa ukutani bila simu aliichomoa na kumwuliza mwenye nayo kama angeacha zizi wazi namna hiyo. Akimaliza alisimama mbele ya mita na kutazama namba zikishuka, midomo ikimchezacheza.

Mambo yaliharibika pale matumizi ya nyumba yalipovuka kiwango cha watumiaji wadogo, wakahamishiwa kwa wakubwa, wanaolipa bei ya juu. Elfu kumi iliyokuwa ikiwafikisha karibu na mwisho wa mwezi ikawa haimalizi siku kumi. Budeba, aliyetamani maisha yake yote kuitwa mtu mkubwa, alikwenda kwa wakala wa umeme kuuliza kama inawezekana kurudishwa kuwa mdogo. Wakala alimwambia njia ni moja tu, apunguze matumizi.

Nyumbani walikuwa watatu. Kulwa, binti yao, alifanya kazi kwenye stationari kule mtaa wa Soweto, na pacha wake Doto alikuwa amekwenda Kahama zamani. Kulwa alipiga pasi kila asubuhi, hata soksi. Mwezi wa saba alichovya hita kwenye ndoo ya maji ya kuoga mpaka bafu likajaa mvuke kama mgahawa wa supu. Alikuwa na birika lake, mashine yake ya kukausha nywele, na tamthilia yake ya saa moja na nusu usiku. Mke wa Budeba, Mbuke, alikuwa na friji. Humo alipoza maziwa mgando aliyowauzia madereva wa malori, na fedha yake ndiyo iliyonunua unga siku ambazo dalali alirudi mnadani na vumbi peke yake.

"Mwisho wa mwezi wa nane, bili isiposhuka, friji inazimwa," Budeba alitangaza.

"Ukizima friji uzime na jiko," Mbuke alimjibu bila kuinua macho. "Anayekula umeme hapa unamjua, ila humwambii kitu."

Ni kweli alimjua. Alimwambia hivyo Kulwa mara moja, binti akacheka na kumpa kikombe cha chai kutoka kwenye birika lile lile, na hoja ikafa. Ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini anaruhusiwa kulalamika.

Akaanza kutafuta njia nyingine. Jenereta aliiacha alipoulizia bei ya petroli. Akamwita fundi wa gesi ya samadi, ambaye aliwatazama ng'ombe wale wawili, akatazama nyuma ya banda, akauliza wengine wako wapi. Alipoambiwa ndio hao tu, alisema kwa upole kwamba watachemsha chai ya mtu mmoja, tena mgonjwa. Ikabaki sola. Bei ya mtambo wa kuendesha friji ilikuwa sawasawa na maksai watano, na Budeba hakuwa na hata mkia wa maksai.

Hapo ndipo Lutengano alipokuja kumposa Kulwa. Alikuwa kijana wa Tukuyu, mrefu, mwenye adabu, anayefunga pampu za maji kwa wakulima wa vitunguu Ruaha Mbuyuni. Pampu zenyewe zilikwenda kwa nguvu ya jua. Aliyemsemea alikuwa baba yake mdogo, Mzee Asukile. Budeba alitaja ng'ombe kumi na wawili, kama baba yake angetaja. Mzee Asukile akakohoa.

"Mzee mwenzangu, kijana hana zizi. Mali yake yote ni hivyo vioo vya jua."

Budeba alikunja uso hata wageni wakadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anahesabu.

"Vioo vingapi?" aliuliza.

Wakakubaliana kabla chai haijapoa: paneli sita, betri mbili, inveta moja ya kugeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani, na ng'ombe mmoja hai wa kuchinja ili wazee wasiseme binti ameolewa kikavu. Mbuke, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alimwuliza mumewe baadaye kama ana hakika na anachokifanya.

"Friji yako itanyonya jua, mama, mpaka ishibe," Budeba alisema. "Mita tutaifunika kitambaa."

Mzigo ulipofika aliupokea kama anavyopokea ng'ombe mnadani. Aliegemeza paneli ukutani, akazizunguka, akazigonga kwa fundo la kidole, akainama kuzitazama chini. Aliuliza umri wao. Moja ilikuwa na mkwaruzo pembeni, akataka ibadilishwe kwa sababu ina kovu, na Lutengano akalazimika kuipeleka juani na kuwasha taa nayo ndipo mkwewe akaridhika. Alizilaza chumbani kwake. Mbuke aliwaambia majirani kwamba mumewe anaamka kuzifunika blanketi, na nadhani hakusema uongo.

Kuna jambo moja Budeba alikuwa amelisahau, au alijitahidi kulisahau. Mahari kwa ukoo wao hayaliwi na mtu mmoja. Siku ya kuyagawa ukoo mzima huja, na kila mtu ana fungu lake tangu enzi za mababu: mjomba wa binti lake, shangazi lake, ndugu wa baba lake. Hivyo Jumamosi ile wakashuka kwenye basi dogo watu watatu wenye haki zao. Paulo, mdogo wake Budeba, alitoka ndani kabisa ya Usangu. Dada yao Roza alitoka Ubaruku. Justine, kaka yake Mbuke, alikuja na kamba, akidhani kuna ng'ombe.

Budeba aliwapokea kwa nyama na hotuba. Aliwaeleza kwamba zamani zimepita, kwamba mali hii ya kisasa haigawanyiki, kwamba vioo hivi ni kundi moja, ukilitenganisha linakufa lote. Alieleza vizuri hadi Justine akaanza kuikunja kamba yake. Lakini Roza hakuwahi kumwamini kaka yake tangu utotoni. Aligeuka kwa Lutengano, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akitazama magoti yake.

"Eti mkwe, hii kioo moja ikikaa peke yake haiwashi taa?"

Budeba alimtazama kijana kwa jicho ambalo mwizi yeyote wa ng'ombe angelielewa. Lutengano hakuwa mwizi wa ng'ombe.

"Inawasha, shangazi," alisema. "Ukiipatia betri, taa nne na simu za nyumba nzima."

Roza akajifunga kanga vizuri.

"Kaka, Faustina wangu alipoolewa ulikuja ukachukua mtamba mwenye mimba. Nilikuwa na watoto wanne wanakunywa maziwa. Nilikwambia mtamba hatenganishiki na wenzake? Nilikufungulia mlango wa zizi mwenyewe."

Paulo naye, mtu mpole asiyependa maneno, akasema bila hasira:

"Wewe unalia na bili, kaka. Sisi kule hata bili ya kulilia hatuna. Watoto wanasomea tochi ya simu, na simu wanakwenda kuichaji kwa mtu, mwendo wa saa nzima."

Hilo lilimwingia. Tangu aanze vita vyake na mita, Budeba hakuwa amewaza hata siku moja jinsi giza la kwa Paulo lilivyo, naye alikulia ndani ya giza hilo hilo. Aliona aibu mbele ya mkwe wake. Akainuka, akaenda chumbani, akazitoa paneli moja moja, akiwa ameziondolea blanketi.

Paulo alipata mbili na betri. Justine mbili, maana fungu la mjomba halipunguzwi; betri angejinunulia. Roza alichukua moja na betri ya pili, na alichagua ile yenye kovu, kwa sababu Budeba alikuwa ameiponda zaidi akitumaini haitaguswa. Mwenye nyumba alibaki na paneli moja na inveta, kitu ambacho hakuna aliyekitaka kwa kuwa hawakuelewa kinakula nini. Justine alizifunga paneli zake kwa ile kamba. Lutengano, ambaye roho ilikuwa imemruka, aliahidi kwenda kwa kila mmoja kuzifunga bila malipo, na alikwenda.

"Na hii yangu moja," Budeba alimwuliza alipobaki naye, "itaendesha friji?"

"Hapana, baba. Bila betri hata taa ya usiku haitawaka."

Mbuke alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akakumbuka kwamba friji ni yake, mwezi wa nane umekwisha, na kicheko kikamkatika.

Mwezi wa tisa Kulwa akaenda kwa mumewe Ruaha Mbuyuni. Budeba alibeba mabegi yake hadi kwenye basi, akampa nasaha ndefu juu ya kuzima taa, akarudi nyumbani kuendelea na vita. Mbuke alikuwa ameshaanza kuwaambia wateja wake kwamba huenda maziwa yatakoma.

Wiki ya kwanza ikapita. Jioni Budeba alizunguka nyumba mikono nyuma na hakukuta cha kuchomoa. Wiki ya pili alisimama mbele ya mita akadhani imekufa, akaipiga kofi dogo. Ilikuwa nzima. Elfu kumi ikavuka siku kumi, ikavuka ishirini, ikaingia mwezi mwingine na friji inaunguruma kule pembeni, maziwa yamejaa tele.

"Tumeshinda, Mama Kulwa," alisema.

Mbuke alikuwa anamimina chai, na alikuwa amemimina vikombe vitatu.

Budeba alikitazama kile cha tatu, kikamuuma kuliko bili yoyote. Nyumba ilikuwa kimya. Bafu lilikuwa baridi na kavu. Mwezi mzima umeme ulikuwa haupungui kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuupunguza, na yeye alikuwa amezunguka akiita hali hiyo ushindi. Alitoa simu.

"Huko umeme upo?" alimwuliza binti yake.

"Upo, baba. Jua la huku linatosha mpaka tunachoka nalo."

"Njoo nyumbani siku mbili tatu."

"Kuna nini? Mama mgonjwa?"

"Hapana. Unit zimebaki."

Mbuke akaichukua simu mkononi mwa mumewe.

"Baba yako amekukumbuka," alisema. "Anashindwa kusema. Hata kula hali vizuri."

Kulwa akasema atakuja Jumamosi. Ijumaa asubuhi Budeba alikwenda kwa wakala, akanunua umeme wa elfu ishirini, ingawa ule wa mwanzo ulikuwa haujaisha.