Papa wa Mistari Mitatu

Mimi sikusoma sana. Niliachia mwaka wa ine wa shule ya musingi, kule Masisi, vita vilipotushusha huku Goma. Lakini uzito naujua. Nitaanza na uzito, kwa sababu katika mutaa wa Majengo kuna mama mujane aliyesema miaka miwili mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyemuulia bwana yake. Akiniona sokoni alikuwa anavuka barabara. Wengine wote waniite wanavyotaka. Yule mama nilitaka ajue.

Nilifanya kazi kwenye uwanja wa kuchezea, upande wa barabara ya Mugunga. Bembea, beseni la maji la watoto, na gurudumu kubwa lenye viti nane ambalo watu waliliita maneji, na mimi ndiye niliyeshika breki yake. Kila kiti kilibeba watu wawili. Sikukuu lilijaa, hakuna taabu. Siku nyingine ilikuja familia moja, mbili. Na maneji ikibeba watu upande mmoja tu, upande ule unavuta chini kwa nguvu, motere inalia, na breki haishiki. Kwa hiyo viti vitupu tulivipakia mawe.

Mawe Goma hayatafutwi. Tunalala juu yake, tunalima kati yake. Lakini kila mutoto wa hapa anajua yako ya namna mbili: lile jeusi lililokaza, linalokata mugongo, na lile la matundu kama mukate, ambalo mutoto analitia kichwani na kwenda akiimba. Mimi nilichagua mazito, moja moja, kwa mikono yangu. Nikayachora kwa patasi: mustari mumoja ni mutoto, miwili ni mama, mitatu ni papa. Mama aliyeuza tiketi, mwenye sauti ya kwaya, alihesabu watu waliopanda kisha akanipigia kelele:

“Kiti cha tano, pandisha papa na mama! Cha sita, watoto wawili!”

Wateja walicheka mpaka machozi. Mulevi mumoja hakuchoka kuuliza:

“Ule papa iko na bibi ngapi?”

“Moja tu,” yule mama alimujibu, “na hanywake pombe kama weye!”

Tulifanya kazi hivyo miaka sita. Hakuna mutu aliyeumia hata kidole.

Kisha patroni, mwenye uwanja, akaanza kujenga nyumba. Asubuhi moja nilikuta chukudu mbili mulangoni, zile za mbao za magurudumu mawili, na vijana wanapakia mawe yangu. Nilimuuliza patroni, akaniambia fundi wa ukuta ameyapenda, yamekaza vizuri. Mengine yatakuja. Yakaja kweli jioni ile, yamepakwa rangi nyeupe, na namba nyekundu juu. Yalipendeza. Rangi iliziba matundu yote. Nikainua lile kubwa kwa mukono mumoja.

Nikasema, “Patroni, hili si papa. Hili ni mukate.”

Akacheka. “Weye, papa, jiwe ni jiwe. Ukubwa si ni ule ule?”

Shemeji yake, ambaye alijiita fundi wa mashine kwa sababu aliwahi kutengeneza motere ya kusaga mahindi, akaongeza: “Itaenda.” Hilo neno ndilo limetumalizia watu hapa. Daraja limeoza, itaenda. Mutumbwi umejaa, itaenda. Baada ya siku tatu akaja mutu wa ofisi ya serikali kukagua. Alisifu rangi. Hakuinua jiwe hata moja. Alikaa kivulini, akanywa soda mbili baridi, akatia sahihi.

Na mimi? Nilimuambia patroni mara moja, nikanyamaza. Siku ya Mungu iliyofuata nilipakia mawe yale. Mikono yangu ilijua. Niliogopa kufukuzwa, basi. Nimewataja hao watatu, na mimi nijitaje.

Siku ile ile, baada ya misa, alikuja mwalimu mumoja wa Majengo na binti yake wa miaka saba, na kanzu ya kanisani bado mwilini. Mutoto alitaka kuona ziwa kutoka juu. Mama wa tiketi akaita papa mumoja na mutoto mumoja upande wa pili, nami nikapandisha. Walizunguka mara mbili vizuri. Mara ya tatu kiti chao kilipopita juu kabisa, motere ikashindwa, upande wao ukashuka wenyewe, kasi, kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Nililalia breki. Ni muti murefu wenye kipande cha pineu, mupira wa gurudumu la gari. Pineu ikatoa moshi, muti ukanirudia, nikasikia mukono wangu unavunjika kabla ya kusikia maumivu. Watu wanasema mwalimu alimusukuma mutoto chini, ndani ya kiti, akamulalia. Chuma cha kufunga kiti mbele kikafunguka. Mutoto alibaki ndani. Yeye alianguka.

Kabla jua halijatua mawe meupe yalikuwa yametupwa nje, yamepondwa kwa nyundo. Jiwe lililopondwa Goma, nani atalitambua? Kwenye kilio patroni alileta mufuko wa muchele, akasema mbele ya mujane kwamba nilikuwa nimelewa. Karatasi ya ofisi ikaandika: kosa la mushika breki. Nililala kasho, kwa polisi, siku kumi na moja, mukono ukiwa umevimba kama mugomba. Ulipona vibaya. Sasa nauza makala, makaa ya kupikia, napima kwa mukono wa kushoto.

Mwaka huu nilipeleka gunia la makala kwenye mutaa ambao sikuwahi kupita. Nikapumzika kando ya ukuta wa mawe, namna tunavyojenga kwetu, mawe meusi na simenti katikati. Nikaona mistari mitatu. Mbele kidogo, miwili. Nikazunguka ukuta mpaka kwenye geti, nikamuuliza mulinzi nyumba ni ya nani. Akanitajia patroni.

Sikurudi kwangu. Nilikwenda Majengo. Mujane alikuwa anafua. Hakunikaribisha.

“Unatafuta nini hapa?”

“Mama, sikuja kuomba musamaha wa kulewa. Sikulewa. Kuja uone kitu, kisha unitukane.”

Alisuuza mikono mpaka povu likaisha. Kisha akamuita binti, ambaye sasa anachechemea kidogo, wakanifuata. Pale ukutani nilimuonyesha mistari, nikamueleza yote: mutoto, mama, papa, chukudu, rangi. Nikamuambia pia kwamba mikono yangu ilijua. Hilo lilinitoka kwa shida kuliko mengine.

Mulinzi alitoa kichwa getini. “Eh, bamama! Munasali ukuta? Kanisa iko kule!”

Mujane aliweka kidole kwenye mustari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akasukuma jiwe kwa kiganja, halafu kwa bega, mutu muzima anasukuma ukuta. Halikutikisika.

“Hili ndilo lilipashwa kuwa kwenye kiti siku ile?”

“Ndilo, mama. Lilikuwa na uzito wake kabisa.”

Akalitazama tena. “Basi bwana yangu anashikilia nyumba ya huyu mutu.”

Binti aliuliza kama tunaweza kulitoa. Nikasema ukuta utaanguka. Mama yake akasema, “Namujua atakayelitoa.” Alifunga kitenge vizuri, akaenda mbele ya geti, akagonga kwa jiwe dogo aliloliokota chini. Alipogeuka aliniita papa, kwa mara ya kwanza.

“Papa, kuja karibu. Yale uliyoniambia mimi, utamuambia yeye. Na ile ya mikono yako, usiiruke.”

Nikaenda nikasimama kando yake. Ndani tulisikia viatu vinakuja.