Imezima, Ni Nzima

Mtu akikuletea gari na kukuambia "nizimie tu hiyo taa," mfukuze. Ndivyo alivyozoea kusema fundi umeme mmoja wa magari, waliyembandika jina la Mita kwa sababu kipimo chake cha umeme hakikumtoka mkononi, hata mezani kilikaa jirani na sahani. Kusema alisema, lakini kufukuza hakuwahi kumfukuza mtu. Atanung'unika, atasonya, mwisho utamkuta kaingiza kichwa chini ya dashibodi, miguu nje, anakuuliza taa iliwaka lini na ulikuwa unafanya nini ilipowaka.

Pikapu kuukuu ya shemeji yake ndiyo iliyomnyima raha. Shemeji huyo alimuoa dada yake mdogo, ndugu wa pekee, ambaye Mita alimlea mwenyewe baada ya wazazi kufariki, akamsomesha kwa kuchaji betri za watu. Mume na mke walikuwa wakipeleka saruji bondeni. Kutoka mjini kwenda bondeni kuna mteremko wa kona ambao hata madereva wazoefu huushuka midomo imefungwa.

Kwanza iliwaka taa ya njano, ile ya mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki ghafla. Shemeji akaipuuza. Gari si linasimama? Kweli, taa hiyo peke yake haikunyimi breki za kawaida. Lakini haukupita muda, kando yake ikawaka na nyekundu, ya breki zenyewe. Hapo Mita hakutaka utani. Akamwambia aache ufunguo na arudi nyumbani kwa miguu. Shemeji, mtu wa maneno, akamjibu kuwa fundi akishindwa kazi huanza kutisha watu. Ufunguo akaacha. Wa akiba akabaki nao mfukoni, na hakuna aliyemuuliza.

Ya njano haikumsumbua sana. Waya wa kihisi cha gurudumu la mbele ulikuwa umekatikia ndani ya ganda lake, pale unapopinda gari linapokata kona. Kwa macho huoni kitu, ila kipimo kiligoma kusogea. Nyekundu ndiyo iliyomtia hofu. Mafuta ya breki yalikuwa yamepungua, na chini ya gari hapakuwa na hata tone. Yamekwenda wapi? Akajaza, akakanyaga pedali, akafungua gurudumu moja baada ya jingine mpaka akafika la nyuma. Ndani ya ngoma ya breki kulikuwa kumelowa chepechepe. Raba zinazozuia mafuta kwenye silinda zimekufa, zinavujisha kimya kimya, na pedali inasimama vizuri tu kama vile hakuna lolote. Itasimama hivyo hadi lini, hakuna anayejua.

Gereji ile ilikuwa na jeki moja, na fundi bodi, mnyoosha mabati wa hapo hapo, alikuwa ameshaidai mara mbili. Mita akarudisha gurudumu, akashusha gari, akachomoa fyuzi inayolisha taa zile ili asiunguze kitu akiendelea kupima, akaenda dukani kutafuta raba. Hakumwachia mtu ujumbe. Nani angeligusa, na ufunguo anao yeye?

Sasa sikiliza balaa lilivyoingia. Dukani kulikuwa na mtu anakata chuma kwa mashine. Simu ikalia, ni shemeji, naye wakati huo amesimama kando ya pikapu. Akauliza, "Vipi, ni nzima?" Kwa kelele zile Mita akasikia "imezima?" Na kwa nini asisikie hivyo? Tangu mwanzo shemeji hakuwahi kuulizia breki, aliulizia taa tu.

"Imezima," akajibu, "ila nimechomoa fyuzi, raba zime..." Mashine ilikuwa imemeza yote isipokuwa neno la kwanza, na simu ikakatika. Mita akadhani shemeji kamkatia kwa dharau zake, akasonya, akaendelea kulinganisha raba.

Aliporudi alikuta nafasi tupu. Fundi bodi akamweleza bila wasiwasi kwamba shemeji amekuja na mkewe, wamepakia saruji, ameliwasha, dashibodi safi haina taa hata moja, wakaondoka wanacheka. Amesema Mita mwenyewe kamthibitishia kwa kinywa chake kwamba ni nzima.

Mita akayarudia maneno yale mdomoni. Imezima. Ni nzima.

Simu ya shemeji haikupatikana. Ya dada iliita, ikaita, ikakata. Alipiga tena huku akitembea, kisha akikimbia kuelekea barabarani, na hatimaye dada akapokea kwa furaha, akisema wameshapita kona ya kwanza. Mita akamwambia aweke sauti kubwa.

"Shemeji, kanyaga breki. Polepole."

Kisha ikaja sauti isiyo na utani hata kidogo.

"Inakwenda mpaka chini."

Mita akamwelekeza. Shusha gia moja moja, vuta hendibreki kidogo kidogo, lilaze gari kwenye mwamba, upande wa korongo usiutazame kabisa. Akasikia injini ikilia, na dada yake akimwita mama yao, marehemu. Kikafuata chuma kikiburuzwa kwenye mawe, kwa muda mrefu mno. Halafu kikakoma.

"Kaka."

"Nipo."

"Mimi nimetoka. Yeye yumo ndani, mlango wake umebanwa na mwamba. Gari linasogea, kaka, nalitazama linasogea. Hendibreki haishiki yenyewe, kaivuta kwa mkono. Anauliza aachie apite upande wangu?"

Huku mjini lori lilikuwa linapita. Mita alifungua mdomo, akaufumba. Kati ya aachie na asiachie ni kipande kidogo tu cha neno, na leo aliogopa kinywa chake mwenyewe. Akasubiri lori lipite.

"Asiachie," akasema. "Rudia nikusikie."

Akamsikia dada yake akigeuka na kupaza sauti kwamba kaka amesema usiachie. Upepo ulikuwa mkali huko mlimani, ulivuma ndani ya simu. Kutoka kwenye pikapu shemeji akauliza kwa mbali, "Amesema niachie?"

"Mwambie tena," akasema Mita.