Maji Moto ya Isha

Mashine ya kuosha vyombo tulimnunulia mama kwa sababu ya mikono yake. Sabuni ilikuwa imeipasua hadi inatoka damu, na mama si mtu wa kukaa akitazama mwingine anaosha sufuria zake. Mashine yenyewe ilikuwa mtumba, na kifaa chake cha kupashia maji kilikuwa kimeungua. Fundi alitafuta kingine soko zima la Kikuubo akakosa, basi akaiunga kwenye bomba la maji moto linalotoka tangi la bafuni.

Asubuhi vyombo vilitoka viking'aa. Jioni vilitoka na samli ya pilau imeganda. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilisafisha chujio, nikamimina siki, nikaipiga mashine ubavuni, kisha nikampigia fundi simu nikamwambia maneno ambayo nyumbani kwetu hayatamkwi.

Alikuja tulipokuwa tunaondoa sahani za chakula cha jioni. Akashika bomba, akasikiliza. Bafuni baba alikuwa anatawadha kwa ajili ya Isha, taratibu, kwa maji moto, maana viungo vyake haviwezi baridi.

"Hajati, mashini haina shida," fundi alimwambia mama. "Mzee akitawaza, maji ya moto inaisha ku tanki. Mungojee spea, bambi, nawaomba."

Baba akatoka anajifuta ndevu. Alikuwa amesikia yote.

Kuanzia kesho yake vyombo vya jioni vikatoka safi. Nikamsifu fundi kwa kila aliyekuja kututembelea, nikidhani ni kazi yake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na siku zile mimi zangu nilikuwa nimezinyoa.

Jioni moja ya mvua, baba alipomaliza kuswali, mama alipiga magoti kumvalisha soksi, kwa kuwa kuinama kulimuumiza baba. Akaushika mguu, akatulia nao mkononi.

"Mbona baridi hivi?"

"Mvua," baba alisema, akitazama pembeni. Hajui kudanganya, hata kidogo.

Mama alikwenda jikoni, akaizima mashine katikati ya kazi, akajaza beseni maji moto yaliyobaki kwenye tangi. Akaitumbukiza miguu ya baba, akaanza kuisugua polepole. Nilisimama mlangoni, nikawapenda.

"Na mikono yako je?" baba akauliza.

"Mikono ni yangu," mama alisema, "na miguu hii ni yangu."