Mpokea Mizigo wa Litein

Barua pepe ya aina hii nimewahi kuipata kwa Kireno nikiwa Maputo, kwa Kifaransa nikiwa Goma, na kwa Kiswahili kibovu nikiwa Litein, mji mdogo wa chai nchini Kenya. Lugha hubadilika, hila ni ile ile: mzigo wako umekwama, bonyeza hapa. Mimi huifuta papo hapo, kwa sababu sijaagiza kitu. Eucabeth Ayoo hakuweza kujiambia hivyo, na hapo ndipo aliponaswa.

Eucabeth ni fundi wa nguo. Alikuja Litein kutoka upande wa ziwa, akiwa ameolewa na mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Mume alifariki, yeye akabaki, akalea bintiye Beverly kwa cherehani. Kibanda chake kinatazamana na steji ya magari, na makondakta hawana subira: mwenye mzigo asipoonekana, gari linaondoka nao hadi Sotik. Basi soko zima likazoea kuandikisha mizigo kwa jina lake, kwa namba yake na kwa barua pepe yake. Vipuri, dawa za ng'ombe, viatu vya shule, vyote vilikaa chini ya meza yake mpaka mwenyewe aje. Hakumtoza mtu.

"Mama Beverly, nimeandika jina lako tena!" walimwambia wakipita, na yeye hata hajui wameagiza nini.

Kwa hiyo siku moja ya soko, barua ilipoingia kwenye simu yake, na nembo ya kampuni ya usafirishaji juu yake, ikisema kuna mzigo uliozuiliwa kwa kuwa anwani haijakamilika, hakujiuliza kama ni wake. Alijiuliza ni wa nani. Akaona lazima ni kisu cha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, alichokuwa akingojea Rebeccah, mkulima wa chai aliyeimba naye kwaya. Akabonyeza. Akaulizwa barua pepe na neno la siri. Akaandika vyote viwili, akarudi kwenye pindo la sketi.

Wezi hawakuchukua chochote chake ila jina. Jioni hiyo kila ambaye anwani yake ilihifadhiwa kwenye akaunti hiyo alipata barua kutoka kwake: mzigo wako umefika, lipia ada ndogo hapa. Rebeccah alikuwa na barua pepe aliyofunguliwa kwenye saiba, kibanda cha intaneti, alipotafuta PIN ya kodi. Aliona jina la Mama Beverly, akatulia, akajaza namba yake ya siri ya pesa za simu. Bonasi yake ya chai, malipo ya mara moja kwa mwaka, ikaenda yote.

Asubuhi alishuka mpaka kibandani.

"Kisu changu kiko wapi?"

"Hakijafika, Rebeccah. Hata mimi nangoja."

"Ati hakijafika? Na umeniandikia nilipe!"

"Nikuandikie na unakaa hapo juu tu? Si ningekupigia?"

"Jina ni lako. Ama kuna Mama Beverly mwingine?"

Watu wakasogea. Rebeccah akawageukia. "Miaka yote tunaweka vitu vyetu kwake, kumbe anatupima. Mtu wa kuja ni mtu wa kuja."

"Wacha hiyo, mama," akasema mwenye bodaboda mmoja. "Huyu amenilindia tairi mwezi mzima."

"Tairi yako hata mwizi hawezi kuitaka!"

Wakacheka. Eucabeth aliniambia matusi angeyasahau. Kicheko hawezi kukisahau, maana waliocheka aliwajua wote, na wengi wao aliwashonea sare za watoto.

Benard wa saiba ndiye aliyefungua simu yake mbele yao. Akawaonyesha anwani ya mtumaji wa ile barua ya kwanza, herufi zisizo na kichwa wala miguu, akabadilisha neno la siri. "Ukiambiwa mzigo umekwama, usifungue linki," akasema. "Mpigie aliyekutumia. Hakuna gari linaloleta mzigo kwa neno lako la siri." Kila mtu aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyesema pole.

Kisu chenyewe kilifika baadaye. Rebeccah akaja, akasalimu kwa Kikipsigis, lugha ya hapo, kama zamani. "Chamgei, Mama Beverly."

Eucabeth akakitoa kisu, kimefungwa gazetini.

"Benard ametueleza. Kumbe ni wezi."

"Ni wezi."

"Si unajua nilikuwa na hasira?"

"Wezi hawanijui, Rebeccah. Wewe unanijua."

Rebeccah aligeuza gazeti mikononi. "Kongoi," akashukuru. Kisha, kwa sauti nyepesi: "Kuna kitu kingine nataka kuagiza Nakuru. Nitaandika jina lako, sawa?"

"Andika lako," Eucabeth akasema, mguu tayari kwenye pedali.

Rebeccah alisimama kidogo, akingoja kicheko ambacho kingefanya maneno hayo yawe mzaha. Cherehani ikaanza kulia.