Nyasi za Banda la Nguruwe

Nguruwe wa mama alizaa watoto tisa, na asubuhi ya pili saba walikuwa wamekufa. Mimi ndiye niliyeachiwa kuwaangalia wasilaliwe na mama yao. Nilikuwa na miaka kumi, na mvua ilipozidi nilikimbilia ndani kidogo. Baba, askari polisi aliyetoka kaskazini, alisimama mlangoni mwa banda letu pale mtaani Kisugu akaniambia mbele ya mama: "Wewe ndiyo umeua. Uliacha watoto."

Mama hakunipiga. Heri angenipiga. Mwaka uliofuata alijifungua mdogo wangu, na kila alipokwenda kuteka maji alimpeleka kwa jirani, nami nimekaa pale pale barazani sina kazi. Mama alifariki bila kuniachia tena kitu chenye pumzi.

Nilisoma biolojia Chuo Kikuu cha Kyambogo, kwa ukaidi zaidi kuliko kwa mapenzi. Siku moja mhadhiri alitueleza habari za nyangumi na pomboo. Mamalia wengi, alisema, huzaliwa na mafuta ya kahawia, na jeni moja huyafanya yaungue yatoe joto. Kwa mababu wa nyangumi jeni hiyo iliharibika, ikabaki mwilini kama pasi iliyoungua waya: ipo, lakini haipati moto. Wao wakaokolewa na ukubwa wa mwili na tabaka nene la mafuta chini ya ngozi. Kisha akaongeza, kama jambo la kupita tu, kwamba hata nguruwe, ndugu zao wa mbali, jeni hiyo iliwaharibikia kivyao. Kitoto cha nguruwe huzaliwa bila mafuta hayo, na bila blanketi la nyangumi. Kinachokiokoa ni kutetemeka, kubanana na wenzake, na nyasi alizokusanya mama yake.

Nyasi! Niliacha kuandika. Asubuhi ile banda lilikuwa saruji tupu, limeoshwa, bado limelowa.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa baba. Alikuwa amestaafu, mgonjwa, amekonda, amelala chini ya mablanketi mawili na jua linawaka nje. Nikamweleza yote, nikianza na nyangumi, maana niliogopa kufika kwenye nguruwe. Alisikiliza akitazama ukuta.

"Ile nyasi, mimi ndiyo nilitoa, siku ile walizaliwa," akasema. "Mwenye nyumba alikuwa anasumbua, anasema banda inanuka. Nikamwaga maji, nikaosha."

"Na mama hukumwambia?"

"Mama yako alikuwa anapenda ile nguruwe sana. Mimi ningesema nini?"

Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote ile mama alikuwa hai, na neno moja tu lingetosha.

Alipogeuka, blanketi la juu lilianguka sakafuni.

"Baridi," akasema. "Nifunike, mtoto wangu."

Nililiokota. Nikasimama nalo mikononi, nikimtazama akitetemeka, na sikumfunika upesi.