Mgongo wa Babu

Mama aliponyimwa kitambulisho cha taifa, aliambiwa alete ushahidi kwamba baba yake aliishi Ngara kabla ya uhuru. Babu alivuka kutoka Burundi akiwa kijana; mama amezaliwa Mbuba, hapa hapa Ngara, na sisi pia. Nikakumbuka nyumba ya Mzungu mwenye shamba la kahawa, ambayo siku hizi imehifadhiwa pamoja na picha na madaftari yake. Babu alilima pale ujana wake wote. Nikamwambia mama asihangaike, ushahidi umelala kabatini.

Mtunza nyumba alimwamkia mama, akatutolea madaftari. Mchwa walikuwa wametutangulia. Kurasa za vibarua zilibaki pembe tu. Nilikasirika, maana picha za mbwa wa Mzungu zilikuwa safi, kila mbwa na jina lake.

Kisha ikatoka picha ya vibarua mbele ya ghala. Wanaume tisa wamesimama, wanane wanatazama, mmoja amegeuka. Mama aliweka kidole kwenye mgongo ule.

"Huyu ni baba."

Bega lake moja lilikuwa chini kuliko la pili kwa sababu ya mizigo, kama ninavyomkumbuka. Tukaigeuza picha. Nyuma Mzungu alikuwa ameandika majina manane kwa mpangilio wa sura. Mahali pa jina la tisa alichora mstari.

"Wazee wake walimwonya kwamba picha huondoka na kivuli cha mtu," mama alisema. "Alikuwa akitusimulia huku anacheka, kwamba wenzake wote Mzungu aliwapata, yeye akamkosa."

Nilimwonea babu hasira, halafu nikaona aibu.

Ofisini, afisa aliitazama nakala ya picha kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, mgongo siwezi kuuandika," alisema.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Babu alipewa jembe akafa nalo, na binti yake, mwenye wajukuu, bado ni mgeni. Alielekezwa dirisha la vibali vya wageni.

Huko nako lazima upigwe picha. Mama alivua kitambaa kichwani, akaketi wima, akaikazia kamera macho bila kupepesa, hata mpiga picha akamwambia apumzike kidogo.

Tulipotoka nilimuuliza kwa nini alikaza macho vile.

"Wajukuu wakija kunitafuta," alisema, "wasikute mgongo."