Fundi Asiyechungulia Mwisho

Mdomo wangu hauna breki, na wagonjwa wangu wanalijua hilo. Mwaka wa kumi na moja huu nipo kwenye chumba cha kusafisha damu: vitanda vitatu, mashine tatu, na mzani mmoja mlangoni ambao kila mtu anauchukia. Basi nikisema Fundi Viatu ndiye mgonjwa msumbufu kuliko wote, niaminini tu. Anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa moja asubuhi, mikono inanuka gundi, na kabla sijamchoma sindano ameshakosoa viatu vyangu.

"Sista, kisigino hicho kimelika upande. Unatembea kama una ugomvi na barabara."

"Panda mzani, mzee. Ya visigino tutaongea ukishapungua."

Shule aliiacha darasa la tatu. Kusoma alijifunzia kazini, kwenye magazeti ambayo wateja walifungia viatu vyao. Anasema alisoma hadithi mia mbili na hakuna hata moja aliyoifikisha mwisho, kwa sababu mwisho ulikuwa umefungia viatu vya mtu mwingine. Mkewe alipofariki na yeye mwenyewe figo zikamgomea, mwanawe akamnunulia seti nzima ya vitabu vinene, kumi na viwili, viitwavyo Kofia za Moshi.

Humo watu wanavaa kofia za chuma na kuingia kwenye dunia zilizotengenezwa na mashine. Kuna majoka, wachawi, na miji inayoning'inia hewani. Ukiuawa humo, au ukiivua kofia kabla ya lango la mwisho, huku nje mwili wako hauamki. Mimi nilimwambia huo ni upuuzi mtupu, halafu wiki ya pili nikajikuta natundika dripu polepole ili nisikie kama Binti Lango, shujaa wa hadithi, katoka salama kwenye shimo.

Maana Fundi alikuwa anakisomea chumba kizima, na alikuwa na sheria zake. Haanzi mpaka wote watatu wameunganishwa na mashine. Harudii: aliyekosa siku, amekosa. Na hachungulii kurasa za mbele. Kwa kuwa hakujiamini, kitabu alikilaza kwenye kabati langu, na ufunguo nikakaa nao mimi.

Kitanda cha katikati ni cha Dereva, mstaafu wa malori, ambaye husinzia tangu ukurasa wa kwanza halafu anaapa kwamba amesikia yote. Cha mwisho ni cha Mwalimu, dada wa miaka ishirini na tisa, anafundisha kemia. Huyu ndiye aliyekuwa ananikosesha raha. Mwaka jana alianza kukosa siku. Alisema amechoka, saa nne za mirija kila mara, na hizo ndizo zitakuwa maisha yake? Nikamweleza, kwa upole na kwa ukali, kwamba damu isiposafishwa, maji na sumu vinajaa na moyo unasimama. Alijua. Mtu wa kemia utamfundisha nini? Kilichomrudisha hakikuwa maneno yangu, kilikuwa Binti Lango. Tangu Fundi aanze kusoma, Mwalimu hakukosa hata siku moja.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Jumatatu moja, zikiwa zimebaki kurasa kama tisini za kitabu cha kumi na mbili, Mwalimu alinibana pembeni. "Sista, niazime hadi keshokutwa. Fundi hatajua, nakuapia." Macho yake yalikuwa na uhai ambao sikuwa nimeuona siku nyingi. Huruma ikanizidi akili. Nikafungua kabati nikampa.

Jumatano kitanda chake kilikuwa kitupu.

Fundi aliunganishwa, akanyoosha mkono. "Kitabu, Sista." Nikamweleza ukweli, ningemficha nini. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinitazama tu, akasema, "Kwa hiyo ameshakimaliza. Sasa atakuja kufuata nini hapa?" Saa nne zilipita bila hadithi. Hata Dereva hakusinzia.

Ijumaa saa moja, Mwalimu hayupo. Saa mbili, hayupo. Siku nne hajasafishwa damu, na chumba kinafungwa hadi Jumatatu. Simu haipokelewi. Na Fundi naye kakaa kwenye benchi la nje, hataki kuingia.

"Sipandi mzani mpaka aje."

"Mzee, miguu yako imeshavimba. Unataka kunitia kwenye matatizo?"

"Tuliingia watatu," akasema. "Wewe umemfungulia mlango mmoja wetu. Mrudishe."

Daktari alikuja akambembeleza, akaondoka anatikisa kichwa. Saa tatu na nusu Fundi alianza kuhema kwa kifua kizima. Nikapiga simu mara ya tisa, na Mwalimu akapokea.

"Sista, nimechoka. Niacheni."

Hasira zikanipanda. "Sikio la kufa halisikii dawa, sawa. Lakini mzee yuko kwenye benchi hapa, hataki mashine mpaka akuone, na pumzi inamwisha. Kazi kwako." Nikakata kabla hajanisikia nalia.

Alifika saa nne na robo, anashika ukuta, uso umemvimba mpaka macho yamekuwa madogo. Kitabu kilikuwa kwapani.

"Shikamoo, Mzee Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Panda mzani."

"Mimi sipandi. Nimekuja ili wewe uunganishwe. Ukishaunganishwa naondoka." Akashusha sauti. "Na usiusome mwisho wa kitabu. Mwisho ule uliniambia kitu nilichokuwa natamani kuambiwa."

Fundi akafikiri, huku anahema. "Basi tukubaliane. Mimi nakwenda kwenye mashine. Wewe unisomee kurasa za mwisho, pumzi ya kusoma sina. Ukimaliza, nenda unakotaka."

Nilitaka kupiga kelele kwamba huyu binti hana dakika za kuchezea. Fundi akanikazia macho. Nikamchoma sindano, mashine ikaanza kuzunguka, na Mwalimu akakaa kwenye stuli kando ya kitanda, akafungua kitabu.

Alisoma vizuri, sauti ya darasani. Wenzake Binti Lango wamebaki nyuma ya lango la tisa. Yeye kakaa peke yake ukingoni, amechoka, mkono upo kwenye mkanda wa kofia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mwalimu na kipimo cha presha mkononi, na kwa kuwa sina adabu, niliuona ukurasa. Uliandikwa hivi: Akaivua kofia taratibu, akaiweka miguuni, akafumba macho. Hakuna aliyemlaumu.

Ndipo nikaelewa kilichokuwa kimempata dada huyu nyumbani kwake, peke yake na kitabu nilichompa kwa huruma.

Kidole cha Mwalimu kilisimama chini ya mstari ule ule. Fundi alikuwa anamtazama, mdomo wazi kidogo, anangoja. Mtu aliyesoma hadithi mia mbili bila mwisho.

"Akaushika mkanda," Mwalimu akasoma polepole, "akaukaza. Akasimama, akageuka, akarudi kwenye lango la tisa kuwafuata wenzake."

Akafunga kitabu.

"Ndiyo imeisha hivyo?" Fundi akauliza.

"Ndiyo imeisha."

"Mwisho gani huu? Vitabu kumi na viwili, halafu anarudi kule kule kwenye shida?"

"Amekosea sana huyu mwandishi," Dereva akadakia. "Mimi ningemwozesha."

Mwalimu akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na hakukificha. Alilia kitabu kikiwa kifuani, na Fundi, mkono mmoja upo kwenye mirija, akampigapiga bega kwa ule mwingine bila kuuliza chochote. Kisha dada akakiweka kitabu sakafuni, akapanda mzani mwenyewe, akalala kwenye kitanda chake na kukunja mkono wa blauzi.

"Sista, nichome," akasema. "Fanya haraka, kifua kinabana."

Miaka kumi na moja nachoma sindano, na siku hiyo nikakosa mshipa mara mbili. Hakulalamika.